Rangi ya Mzee Kikoti

Jumatatu ile Bibi Sengimba alimletea Tabibu mayai sita. Alivua viatu akaviacha mlangoni kama anayeingia kwa wakwe, akayapanga mezani yasibingirike, kisha akaketi. Nilimwambia, kwa mara ya nne tangu masika yaanze, kwamba Tabibu hali mayai. Akanijibu kwamba hata padre husema hali, mpaka uyaache uondoke.

Tabibu ni sanduku jeupe, kimo chake kama mtungi mkubwa wa gesi, lina jicho moja la kioo na kitundu cha kuongelea. Limewekwa kwenye chumba alichokuwa akikaa daktari, zamani zile zahanati zilipokuwa na madaktari. Ukikaa kwenye kiti kilicho mbele yake, kabla hujapumua mara kumi limeshajua moyo wako unavyopiga, damu inavyopita na kilichojificha kwenye figo. Linajua, ila haliruhusiwi kusema.

"Shikamoo, bibi," Tabibu alisema kwa sauti yake ya kisichana. "Unajisikiaje leo?"

"Marahaba, mwanangu. Sijambo kabisa, tunamshukuru Mungu. Huko Dodoma mvua imenyesha?"

"Nafurahi kusikia hujambo. Karibu tena Jumatatu ijayo."

Taa ikazimika. Mezani kwangu, kwenye kioo kidogo ambacho kila mtu anajua kipo ila nakiona mimi peke yangu, rangi ilikuwa nyekundu kama pilipili, na chini yake namba moja. Namba ni siku ambazo mtu anaweza kungoja.

Mimi ni mwelekezi wa Tabibu katika kijiji cha Lukwavi, huku kwenye mashamba ya chai ya Mufindi. Kazi yangu ni kumkalisha mtu, kumwonyesha aongelee wapi, kuwasha na kuzima. Kioo nilipewa ili nikiona nyekundu niisogeze machela karibu, mtu asije akaanguka sakafuni. Siku ya kupewa kazi niliapa mbele ya mtendaji wa kata, mkono juu ya Biblia, kwamba sitamwambia mtu rangi yake wala sitamtia neno kinywani. Hiyo ndiyo Sheria ya Kinywa. Ugonjwa ni mali ya mgonjwa, na mpaka autamke mwenyewe hakuna wa kuuandika wala wa kuutibu. Tabibu naye anaruhusiwa kuuliza mara moja tu kwa wiki, maana zile mashine za kwanza zilikuwa zikiuliza na kuuliza mpaka mtu anakubali ugonjwa ambao hana ili aachiwe aende nyumbani.

Waliotunga sheria ile walifikiria kila kitu isipokuwa salamu.

Huku kwetu ukimwuliza mtu mzima anajisikiaje, atakwambia hajambo. Atasema hajambo akiwa amevunjika mguu. Shida inakuja baadaye, baada ya mvua, mahindi, watoto na wajukuu, wakati mgeni ameshainuka kuaga na mko mlangoni. Wakati huo Tabibu ameshazima taa.

Sikukaa kimya. Padre alinipa dakika tano baada ya matangazo ya misa, nikasimama mbele nikawaeleza taratibu kwamba ukiulizwa, usiseme hujambo, taja kinachouma. Kanisa zima waliitikia. Kesho yake padre mwenyewe alikuwa wa kwanza kwenye kiti, goti limemvimba kama papai, na aliposalimiwa akajibu kwamba hajambo, akampa Tabibu na baraka.

Wengine ndio hao hao. Mama Tukolile huongea kwa kunong'ona ili watu wa Dodoma wasisikie, na Mzee Mdemu hupiga kelele kwa sababu Dodoma ni mbali. Yuko mama mmoja ambaye kabla hajafungua kifungo cha blauzi hulifunika lile jicho kwa kanga, halafu analalamika kwamba mashine haioni. Mwingine alikuja kuumwa kwa niaba ya mumewe, kwa kuwa mume yuko shamba na hana nafasi. Huyo angalau alitaja ugonjwa, ila haukuwa wake.

Wa mwisho siku ile alikuwa Mzee Benignus Kikoti, aliyekuwa karani wa mizani kiwanda cha chai kwa miaka thelathini na moja. Hakuna mchumaji aliyewahi kumpitishia kapu lenye majani ya maji akidai ni makavu. Yeye Mhehe na mimi Mngoni, kwa hiyo sisi ni watani, na watani hawasalimiani kama watu wengine. Alinikuta mlangoni akaniuliza ng'ombe wa nani niliyemwiba amelala zizini kwangu. Nikamwuliza mbwa wake yuko wapi, au ameshaiva. Akacheka, akavua kofia yake ya kijivu, akaketi kwa adabu zote.

"Shikamoo, babu. Unajisikiaje leo?"

"Marahaba, binti. Mimi sijambo. Uzee tu."

"Uzee haumo kwenye orodha ya magonjwa," Tabibu alisema. "Nafurahi kusikia hujambo."

Nilitazama kioo changu. Nyekundu, na chini yake namba tano.

*

Mchana nilimpigia simu Injinia Mwanahawa wa makao makuu, huko Dodoma, msichana mwenye subira ambaye kwa miaka miwili amekuwa akinielekeza jinsi ya kuwaelekeza wengine. Aliniuliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha. Nikamwambia mashine haina tatizo, waliokwama ni wazee, na hao sijui kitufe chao kiko wapi.

Alicheka, lakini alikuwa amechoka, nilimsikia. Tumeshajaribu mengi mimi naye. Mwanzoni Tabibu alikuwa na sauti ya binti, na wanaume wakasema hawawezi kumweleza binti habari za mkojo. Mwanahawa akamwekea sauti ya mzee. Wanawake wakajifunga kanga vizuri, wakasema hawajambo. Akamwekea sauti ya mama wa makamo, na wiki nzima watu wakawa wanamwuliza ni wa ukoo gani, ameolewa wapi, na mbona hajaja kuwatembelea. Mwisho akaondoa salamu kabisa, ili Tabibu aulize tu kinachouma. Mzee Kikoti alisimama, akavaa kofia, akasema atarudi mtoto huyu akishafundishwa adabu. Hakurudi mpaka salamu iliporudi, pamoja na ile sauti ya binti.

"Mama Deodata," Mwanahawa aliniuliza, "hao wazee wanataka nini hasa?"

"Wanataka wasalimiwe, mwanangu. Halafu wanataka wasiulizwe."

Kisha akanikumbusha kwamba siku zisizo za kuulizwa, Tabibu akiwashwa husikiliza tu. Mtu akijisemea mwenyewe, bila kuulizwa na mashine wala kutiwa neno, Tabibu atamwuliza kama aandike, na akikubali imekwisha. Nilimwuliza kama nikimdokeza mtu kidogo tu itakuwaje. Sauti yake ikabadilika. Alisema nitaondolewa, na sitashika tena kazi yoyote ya kiapo. Yeye mwenyewe, alisema, huziona rangi za vijiji arobaini kwenye meza yake, na ameapa kama mimi.

Bibi Sengimba alifariki Jumanne asubuhi, akipepeta mahindi.

*

Mtu asidhani niliishika sheria ile kwa kuogopa kazi. Mume wangu, marehemu Tito Mapunda, alikuwa fundi wa mitambo kiwandani. Siku hizo sheria haikuwapo. Sanduku kama hili liliwekwa getini, wafanyakazi wakipita mbele yake wakiingia zamu, na likaona kitu kwenye mapafu yake. Halikumwambia yeye. Lilimwambia meneja, meneja akamwambia karani wa ofisi, na mimi nikazipata habari sokoni, kwa muuza dagaa, Tito mwenyewe akiwa bado hajui kama anaumwa. Walikuja kumchukua mchana akiwa na ovaroli. Aliishi miezi saba hospitali ambayo hakuichagua, na mpaka mwisho alikuwa ananiuliza kwa nini kila mtu alijua kasoro yeye.

Kwa hiyo ilipokuja Sheria ya Kinywa niliishukuru kwa magoti. Nilipoweka mkono juu ya Biblia sikuapa kwa mdomo tu.

Jumatano tulimzika Bibi Sengimba. Kwenye msiba wa Mhehe, Mngoni ana kazi yake. Anatakiwa amwigize marehemu mbele ya watu, avae nguo zake, atembee kama yeye, aseme kama yeye, ili waliolia wapumzike. Nilijifunga kanga ya marehemu, nikavua viatu mlangoni pa turubai, nikaingia na mayai matatu, nikayaweka mbele ya spika ya kwaya. Nikaiuliza spika kama Dodoma kuna mvua. Nikaiambia sijambo kabisa, sijambo, nakufa kesho lakini sijambo. Watu walicheka mpaka wakashikana. Binti yake wa kwanza, ambaye hakuwa amekula tangu Jumanne, alicheka akaomba uji. Padre alificha uso ndani ya kitabu cha ibada.

Nami nilicheka nao. Lakini nilikuwa nimeiona ile namba moja, na nilimwacha aende nayo nyumbani.

Mzee Kikoti alicheka kuliko wote. Kisha kicheko kikakatika, akashika nguzo ya turubai, mkono mwingine ukapanda kifuani, akabaki ametazama chini kama anayetafuta kitu alichoangusha. Hakuna aliyemwona. Mimi nilimwona, na yeye akaona nimemwona. Akajinyoosha.

"Siku yangu ikifika usijisumbue, Mngoni," aliniambia. "Mimi siigiziki."

Baada ya mazishi nilikwenda kanisani, nikasali rozari nzima na nyingine nusu. Niliomba nionyeshwe la kufanya. Sikuonyeshwa kitu. Nilichopata ni kukumbuka tu maneno ya kiapo changu, kwamba niliapa sitamtia mtu neno kinywani, na sikuapa kwamba sitamchokoza. Nilijua huo ni ujanja. Nilijua pia kwamba Mungu akiuona ujanja huujua, hata ukija umeshika rozari.

*

Alhamisi ni siku ya kugawa vidonge, kwa hiyo benchi la zahanati lilikuwa limejaa. Ndege ya wagonjwa huja Ijumaa saa nne asubuhi, mara moja kwa wiki, na haimchukui mtu ambaye jina lake halijaandikwa na Tabibu. Niliuacha mlango wa chumba wazi na taa ya Tabibu ikiwaka. Sikuisahau. Niliiacha.

Mzee Kikoti alifika kuchukua vidonge vya mgongo, akaanza palepale kunisema mbele ya watu. Alisema jana nilimwigiza Bibi Sengimba ovyo, kwamba marehemu alikuwa akichechemea mguu wa kulia na mimi nikachechemea wa kushoto, na kwamba Wangoni tangu zamani ni watu wa kukurupuka. Akaweka kofia yake kwenye benchi atafute kadi mfukoni.

Niliichukua nikaivaa.

Watu wakaanza kucheka kabla sijafanya kitu. Nikawaambia kwamba Mzee Kikoti hana imani na mimi, anasema haigiziki, kwa hiyo nafanya mazoezi mapema siku yake isije ikanikuta sijajiandaa. Nikakunja mgongo, nikaweka mikono nyuma kama anavyoiweka, nikapanda ngazi za kanisani ambazo hazikuwapo. Moja, mbili, tatu. Nikasimama nikahema, mkono kifua cha kulia. Nikapanda tena, nikahema tena, nikafika juu ngazi ya kumi, nikapiga ishara ya msalaba.

Mzee Kikoti alikuwa amekunja uso, vilevile alivyokuwa akiukunja akiona kapu limegandamizwa kidogo kwa kidole.

"Ngazi ni kumi na nne," alisema.

"Wewe kumi zinakutosha."

"Kumi na nne. Na sisimami mara mbili. Nasimama ya tatu, ya sita, ya tisa, na ile ya kumi na mbili nakaa kabisa. Najifanya nafunga kamba za viatu."

Nilimwambia viatu vyake havina kamba. Akasema ndiyo maana anachukua muda mrefu.

Benchi zima liliangua kicheko. Mama Tukolile alidondosha vidonge vyake. Mimi nikaanza upya kutoka ngazi ya kwanza, na nikaharibu kwa makusudi zaidi ya mwanzo. Nilisimama ya pili, nikashika tumbo, nikakohoa. Mzee Kikoti alishindwa kuvumilia. Aliingia mpaka katikati ya chumba, mbele ya lile jicho la kioo, akanishika mkono akaushusha.

"Sikohoi, nani kakwambia nakohoa? Na mkono si huo, ni wa kushoto. Huo ndio unaokufa ganzi, kuanzia kidole cha mwisho mpaka hapa begani. Ukimwigiza mtu mwigize sawasawa. Na ukitaka kuniigiza nimelala, usilale chali kama maiti. Mimi nalala nimekaa, kama abiria, la sivyo pumzi haiji."

Taa ya Tabibu ikabadilika, ikawa ya bluu.

"Babu," Tabibu alisema, "nimesikia umetaja shida ya pumzi, ganzi ya mkono na usingizi. Niandike?"

Kicheko kilikwisha kama maji ya bomba yakikatwa. Mzee Kikoti alilitazama sanduku. Akatazama benchi, ambako kila mtu sasa alikuwa anasoma karatasi ya vidonge vyake. Akanitazama mimi na kofia yake kichwani kwangu, na niliona jinsi alivyokuwa akiyapanga mambo, moja juu ya jingine: turubai, nguzo, mlango ulioachwa wazi.

Akanisogelea, akaniuliza taratibu, wengine wasisikie.

"Mtani. Rangi yangu ni ipi?"

Kama angeniuliza kwa mzaha ningemjibu kwa mzaha. Ningemwambia rangi ya chungu, au ya mbwa, na tungecheka, na kiapo changu kingebaki kizima. Lakini aliniuliza kama mtu, na mimi nilimwona Tito na ovaroli yake. Tito hakuuliza kwa sababu hakujua kwamba kuna cha kuuliza. Huyu aliuliza. Nilivua kofia nikamrudishia kwa mikono miwili.

"Nimeapa, baba," nilisema.

Kwa miaka ishirini na sita nimemwita mtani, Mhehe, mla mbwa, mzee usiyekufa. Kumwita baba sikuwahi hata siku moja, na yeye alilijua hilo kama nilivyolijua mimi. Mtani wako akiacha kukutania akakuheshimu, huhitaji kuonyeshwa kioo. Neno lilikuwa limeshatoka. Hapo ndipo nilipovunja kiapo changu, katikati ya chumba, kwa adabu.

Mzee Kikoti aliketi kwenye kiti. Alikaa muda akiizungusha kofia magotini.

"Binti," alimwambia Tabibu, "andika. Na uandike sawasawa. Ngazi kumi na nne, siyo kumi."

*

Ijumaa saa mbili asubuhi nilikaa mimi kwenye kile kiti. Nilimwambia Tabibu kwamba jana nilimjulisha mgonjwa rangi yake kinyume cha kiapo, na kwamba sikuponyokwa, au kama niliponyokwa, sikujuta kwa haraka inayotakiwa. Tabibu akasema hilo si tatizo la mwili, akauliza kama aandike. Nikamwambia aandike. Akasema litafika makao makuu sasa hivi. Kisha, kwa kuwa wiki ile nilikuwa bado sijaulizwa, akaniuliza najisikiaje leo.

"Vibaya," nilisema.

Nadhani ni mimi mtu wa kwanza Lukwavi kumjibu sawasawa. Akaniuliza wapi panauma. Nilimwambia hapo yeye hana dawa, nikamzima.

Saa nne ndege ilishuka uwanja wa mpira. Ni nyeupe, haina rubani, ndani ina kitanda kimoja na kiti kimoja cha msindikizaji. Nusu ya kijiji walikuja kumuaga Mzee Kikoti. Alikuwa amevaa koti la harusi yake na amebeba begi dogo, na tulimlaza, mikanda ikamfunga yenyewe kwa upole, kifua na miguu. Nilianza kupumua. Kisha ndege ikaongea, kwa sauti nzito ya mzee mwenzake.

"Habari za asubuhi, mzee mwenzangu. Unajisikiaje?"

"Nzuri, ndugu," alisema Mzee Kikoti. "Sijambo."

Mikanda ikafunguka. Mlango ukafunguka. Ndege ikasema inafurahi kusikia hajambo, na ikamwomba ashuke akiangalia ngazi. Mzee Kikoti akaishukuru, akachukua begi lake, akaanza kushuka.

Tulimshika miguu. Watu walikuwa wanaongea wote kwa pamoja, padre akimwambia apande, Mzee Mdemu akiipigia ndege kelele isiondoke, na Mzee Kikoti akijitetea kwamba mtu amekusalimia vizuri, umjibu nini. Nilimpigia Mwanahawa. Alipokea kabla simu haijalia mara mbili. Alinieleza kwamba ndege nayo iko chini ya Sheria ya Kinywa, kwa kuwa zamani watu walikuwa wanarushwa bila kutaka. Kwa hiyo humwuliza abiria akipanda, na kila robo saa angani. Akisema hajambo, ndege inageuza inamrudisha kwao.

"Kila robo saa?" nilimwuliza.

"Kila robo saa. Safari ni dakika hamsini, mama." Kisha akashusha sauti. "Mama Deodata, taarifa yako nimeisoma. Umeshaondolewa kazini tangu saa tatu. Sikuwa na la kufanya."

Nilitazama kile kiti cha msindikizaji.

"Kwa hiyo kwa sasa mimi si mwelekezi wa mtu yeyote."

"Hapana, mama."

"Ni mtani wake tu."

Nikamsikia anavuta kiti chake, kama mtu anayechungulia kama kuna anayemsikiliza.

"Mtani hayumo kwenye kanuni," alisema. "Panda, mama. Panda haraka."

Nilipanda na kanga yangu na rozari yangu, sikuwa na kingine. Mzee Kikoti alirudishwa kitandani. Ndege ikamwuliza tena anajisikiaje, na kabla hajafungua mdomo nikaitangazia kwamba mzee huyu ni mzima, hupanda ngazi tisa bila kupumzika. Kumi na nne, alisema Mzee Kikoti, na napumzika nne. Mikanda ikafunga. Mlango ukafunga. Chini yetu wakaanza kupunga mikono, na chai ikawa kijani kimoja tu, kama kitambaa kilichotandikwa.

Robo saa ya kwanza nilisema anakufa ganzi mguu. Alinisahihisha kwa hasira mpaka kioo cha dirisha kikapata ukungu. Ya pili nilisema analala fofofo kama mtoto, anakoroma, majirani wamelalamika. Alisema hajalala usiku mzima tangu Pasaka, na kwamba Wangoni ni waongo hata angani. Ndege ilisema imesikia. Katikati nilikuwa nikisali kimoyomoyo, Salamu Maria, halafu tusi, halafu Salamu Maria, na nilimwomba Mama wa Mungu avumilie mpangilio huo kwa leo.

Robo saa ya tatu ilipofika nilikuwa nimejiandaa. Ndege ikauliza. Nikafungua mdomo, na Mzee Kikoti akainua mkono wake wa kulia, ule mzima, akanizuia.

"Ngoja, Mngoni. Umeshaniharibia hesabu vya kutosha."

Akageuza uso kuelekea kule sauti ilikotoka. Alisema mkono wake wa kushoto umekufa ganzi tangu alfajiri. Alisema kifua kinambana kama kimekaliwa na gunia la majani mabichi, na kwamba ni kilo hamsini, labda hamsini na mbili. Alisema hajamwambia mtu yeyote, hata binti yake anayemngoja huko hospitalini, kwa sababu tangu mkewe afe hakuna aliyekuwa akimwuliza mara ya pili. Kisha akasema anaogopa. Alilisema mara moja, bila kulirembesha, kama anayesoma uzito kwenye mizani.

"Nimesikia," ndege ilisema. "Tunashuka."

Nilikuwa nimeshaandaa tusi zuri sana, zuri kuliko yote ya siku ile. Nikaliacha lipite.